Napanda Ngazi

Mwenzangu, leo nimeumbuka.

Nimezunguka maegesho ya ule ukumbi wa mkutano mpaka kichwa kikaniuma, nafasi hakuna. Mwishowe nikaona upenyo kando ya gari la bosi, nikaanza kurudi nyuma mwendo wa kinyonga.

Simu ikalia. Bosi. "Uko wapi, mwenzetu? Tunakungoja."

Nikamjibu bila haya, "Nishafika, bosi. Napanda ngazi." Nikahema na kuhema, ili aamini.

Akaniambia, "Sawa. Sasa kata usukani kushoto, utanikwangulia gari."

Kugeuka, wajumbe wote wamejaa dirishani, vikombe mkononi, wananitazama.

Naingia, bosi anawaambia, "Mpisheni akae, ametoka kupanda ngazi."

Mwenzangu, lile jengo halina hata ghorofa.