Kuchi wa Bwana Jashvant

Jumamosi, 5 Juni 1976

Nimewapata! Jogoo mmoja na tetea mmoja, wa mbegu ya kuchi, kutoka kwa Bwana Jashvant wa Kahama. Hii ni safari ya tatu. Ya kwanza alinipa chai na kunionyesha vitambaa vya dukani. Kuku sikuona hata unyoya. Ya pili nikaonyeshwa kupitia wavu, tena kwa mbali. Leo kafungua banda, akasema: mshike jogoo. Nikamshika inavyotakiwa — kiganja chini ya kifua, miguu katikati ya vidole, mabawa yametulia. Jogoo hakupiga kelele. Induben, mke wa Jashvant, alikuwa anatazama kutoka mlango wa jiko. Akasema huyu mzee anajua, mpe.

Hauzi. Anatoa tu, na ana masharti mawili. Wasiingie kwenye sufuria. Na siku nikiwatilia shaka, nisimgawie mtu mwingine, nimrudishie yeye, pamoja na watoto wao. Kwao hawali nyama wala mayai — ndiyo dini yao — kwa hiyo kuku wake huzeeka na kufa kwa heshima kama wazee wengine. Baba yake ndiye aliyeanza na kuku hawa, miaka thelathini sasa. Hakuna jogoo wa nje aliyepata kuingia banda lile. Tulipoagana aliniambia, "Mwalimu, maduka wanayo wengi. Hawa ninao mimi."

Kwenye basi kondakta alitaka tenga liende juu pamoja na magunia ya mpunga. Nilikataa. Nimelipakata mpaka Shinyanga. Magoti yanauma, lakini ni maumivu mazuri.

Jumapili, 6 Juni

Baada ya ibada nimewakagua polepole, juani. Naandika nisije nikasahau.

Jogoo anasimama wima kama askari wa gwaride. Shingo ndefu. Mdomo mfupi, umejikunja. Nyusi nzito, zinampa sura ya mkaguzi wa shule aliyekuta darasa halina mwalimu. Miguu ya manjano, minene kama kidole gumba changu. Manyoya machache, yamembana mwilini. Sasa upanga wa kichwani — hapo ndipo pa kutazama kwanza! Kuku wetu wa kawaida upanga wao unasimama na una meno kama msumeno. Wa kuchi ni mdogo, umelala, kama punje ya karanga. Ukiona kuchi mwenye msumeno kichwani, ujue huyo ni chotara.

Tetea naye hana kasoro. Nimetafuta, sijaona.

Jirani yangu Bujiku kaja kuchungulia. "Mwalimu, huyu ni kuku au mbuni?" Nikamweleza. Nadhani nilimweleza kwa muda wa saa nzima. Mwishoni akauliza swali moja tu: anajaza sufuria ngapi?

Mtaa wetu wote wa Ngokolo umekwisha kupita hapa uani kwangu. Mke wangu Justa anasema tuweke kitabu cha wageni.

Alhamisi, 24 Juni

Tetea katoa mayai saba mazima. La nane alilikanyaga mwenyewe likapasuka. Ndiyo taabu ya kuchi: ni mzito mno, hafai kuatamia. Kwa hiyo tumefanya kama wafugaji wote wanavyofanya, tumempelekea mlezi. Justa ana kuku wake wa kijivu, wa kawaida, anayezurura na kuku wa mtaa, ambaye siku mbili hizi amekaa juu ya mayai yake na hataki kuinuka. Hayo yameondolewa, yamewekwa haya ya kuchi.

Nimemkabidhi Justa mayai saba nikaenda kwenye mkutano wa nyumba kumi. Kupanga kiota ni kazi yake tangu tuoane. Mimi kazi yangu ni kalenda. Siku ishirini na moja: tarehe 15 Julai.

Alhamisi, 15 Julai

Saba! Mayai saba, vifaranga saba! Tena siku ile ile niliyoandika!

Nimemwambia Justa kwamba hii ni asilimia mia, jambo ambalo hata mashamba ya serikali hayalipati. Akasema, "Haya, Baba Klara," akaendelea kupepeta mchele.

Nimekaa kwenye kigoda na kuwatazama mpaka jua likanihamisha. Tangu nistaafu sijapata asubuhi nzuri kama hii.

Jumatatu, 9 Agosti

Kuna jambo.

Kifaranga mmoja ana msumeno. Nimevaa miwani, nimeivua, nimeifuta, nimeivaa tena. Upanga umesimama na meno yake. Miguu myeupe, mifupi. Wenzake sita wananyoosha shingo kama vijiti. Yeye kajibana chini kama kobe.

Nilifundisha habari hizi za urithi miaka kumi na tisa, kwa mfano wa njegere. Jambo lililofichika kwa mzazi halitokei kwa mtoto ila wazazi wote wawili wawe wamelificha. Maana yake si jogoo tu, wala si tetea tu. Wote wawili! Miaka thelathini ya Bwana Jashvant na baba yake — kumbe jogoo wa jirani alipata mlango.

Nimesikitika. Lakini mtu aliyekupa kitu kwa moyo mmoja anastahili kuambiwa ukweli. Nimemwandikia barua, kurasa mbili, na mchoro wa njegere. Nimemweleza kwa upole kwamba ukoo wa kuku wake si safi, na kwamba huenda hata marehemu baba yake hakujua. Justa akauliza naandika nini kirefu hivyo. Nikamwambia mambo ya kitaalamu.

Barua imeingia posta saa nane.

Jumatano, 18 Agosti

Jibu limefika. Mistari mitatu. Ameisoma barua yangu. Ameshukuru kwa mchoro. Kwa kuwa nimewatilia shaka, Jumamosi atakuja kuchukua kuku wake na watoto wao wote, kama tulivyokubaliana.

Nilimsomea Justa kwa sauti. Hapo ndipo alipojua niliandika nini. Akaacha kumenya viazi.

"Kifaranga gani, yule mfupi? Yule si wa kuchi. Ni wa yule wa kijivu!"

Nikamuuliza anajuaje. Akanitazama kama ninavyojua mimi kuwatazama wanafunzi. "Baba Klara, kuku ukimwondolea mayai yote anasusa kiota. Lazima umwachie lake moja. Mama alinifundisha hivyo, na mama yake alimfundisha hivyo. Nani hajui?"

Mayai basi yalikuwa manane. Mbona basi walitoka saba? "Moja la kuchi lilikuwa viza. Nililitupa jalalani kabla hujaamka."

Kwa nini hakuniambia? "Hukuniuliza. Ulikuwa unanieleza asilimia."

Nikacheka. Kweli nilicheka, kwa furaha — kuku ni safi! Jogoo safi, tetea safi, sita safi! Kisha nikakumbuka marehemu baba wa Jashvant, ambaye nimemwingiza katika barua yangu, ukurasa wa pili. Kicheko kikaisha.

Ijumaa, 20 Agosti

Nimeandika barua tatu za kuomba radhi. Zote ndefu. Zote nimechana. Hata hivyo hakuna itakayomfikia kabla ya kesho.

Justa anasema niache kuandika, nifagie banda.

Nimefagia banda. Vifaranga sita wamenifuata mpaka mlangoni, wima, kama wanataka kupewa amri. Wa saba nyuma, mbio.

Jumamosi, 21 Agosti

Amekuja na basi la asubuhi. Kavaa shati jeupe lililopigwa pasi, na mkononi tenga kubwa, jipya, tupu.

Justa alimpokea kwa Kisukuma, naye akamjibu vizuri kabisa: "Mhola, mayu" — salama, mama. Mimi alinipa mkono tu. Chai akasema baadaye. Nilianza, "Bwana Jashvant, kuhusu ile barua —" akainua kiganja. Kwanza kuku.

Akachuchumaa uani, na suruali yake safi. Jogoo akamjia mwenyewe! Miezi miwili na zaidi hapa, na bado anamjua. Jashvant akamshika kifua, akamwambia maneno ya kwao, taratibu, kama mtu anayempa pole mgonjwa. Hapo ndipo nilipoona nilichofanya. Sikumwambia mfugaji kwamba kuku wake wana kasoro. Nilimwambia mtoto kwamba baba yake aliachia mlango wazi.

Kisha akaanza vifaranga. Mmoja mmoja. Anamwinua, anamgeuza, anatazama kichwa, mguu, anamshusha. Wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Alipomshusha wa sita uso wake ulikuwa na swali, si hasira. Nikasema naingia ndani kuchukua miwani.

Miwani iko puani.

Naandika haya kitandani, mlango umerudishwa. Ninatafuta namna ya kusema. Nimepata maelezo matano, yote mazuri, yote yana utangulizi. Ninachohitaji ni sentensi moja, na sijui kutunga fupi namna hiyo.

Namsikia nje. "Mayu, na huyu? Huyu mtoto wa nani?"

Justa: "Huyo? Ngoja Mwalimu atoke akueleze. Ni yeye mwenye kueleza."

Kifaranga analia kidogo, yule yule, sauti yake naijua. Tenga limeburutwa chini. Sijui linaletwa au linasogezwa kando, nikichungulia nitaonekana. Sasa Justa anacheka, anasema neno kuhusu kiota, sijalisikia vizuri. Mwenzake hacheki. Au ndiyo anaanza?

"Mwalimu!"

Si sauti ya Justa.