Mvuke wa Mwisho wa Kaka Aulis

Kokkola, Ufini
Jumapili, 5 Machi 1944

Mpendwa Mama Mdogo Hellin,

Kabla hata sijakujulia hali, nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: namwogopa kaka Aulis. Hajanifanyia ubaya wowote. Naona tu kama hakurudi nyumbani peke yake.

Sasa, hamjambo huko Uswidi? Kifua cha Baba Mdogo kinaendeleaje? Sisi tu wazima. Mama anashukuru kwa kahawa. Mpaka leo anainusa tu, hajathubutu kuipika.

Aulis yuko likizo tangu ndege yake ilipoungua. Yeye alijirusha kwa mwavuli. Rafiki yake Reino, aliyekuwa akiruka ubavuni mwake, alianguka na ndege yake, akafa. Mikono ya Aulis imepona, ila shingo haitulii: hata mezani hugeuka nyuma, kama kuna ndege inamfuata. Jana Baba alimtania, "We rubani, viazi havina bunduki. Kula!" Aulis akacheka, akageuka tena.

Unajua desturi yetu ya Jumamosi: tukishaoga sote kwenye sauna, kile kibanda chetu cha kuogea kwa mvuke, maji ya mwisho humwagwa juu ya mawe ya moto kwa ajili ya wasioonekana, mizimu na wafu, kisha mlango hufungwa. Aulis ameichukua kazi hiyo. Baba anajivuna, "Mwoneni, vita havijamsahaulisha kwao!"

Lakini jana nilirudi kuchukua ndoo, nikamsikia ndani akiongea.

"Hebu sogea, Reino, umetanda benchi zima kama mkwe." Mawe yakachachatika kwa maji. "Joto limekufikia, au bado una baridi? Niwekee nafasi, bwana. Nikirudi kikosini sikawii kukufuata."

Kisha akacheka, kama mtu aliyejibiwa.

Mama Mdogo, anaondoka Jumatatu ya tarehe 13. Anakwenda kufa, na hapa wanamsifu kwa kushika mila. Mimi nikisimama mbele ya Baba ulimi unakauka, kwa Kifini na kwa Kiswidi. Wewe ulimlea Aulis, anakusikiliza. Mwandikie upesi, umsihi amwambie daktari wa kikosi kwamba hawezi tena kuruka.

Anapanda ngazi. Ni Aulis, namjua kwa anavyoburuta miguu. Mpaka hapa nimekuwa nikiificha karatasi hii chini ya kitabu cha shule. Nimekiondoa. Aisome mwenyewe. Akikasirika, na akasirike, mradi ajue wapo na walio hai wanaomtaka.

Nisalimie Baba Mdogo Gösta na mdogo wangu Maj-Lis. Mungu awafunike kwa mkono wake nyote. Anapiga hodi.

Mwanao akupendaye sana,
Saimi