Usukani Aliouzoea Baba Mkwe

Chumba cha uani, nyuma ya ghala la mikate
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje na baridi hii? Mimi mwili ni mzima, na ndoa, Shangazi, ni asali tupu! Mume wangu akiingia mlangoni moyo bado unanienda mbio utadhani ndiyo kwanza ananichumbia. Lakini nyumba yetu imeingia giza, na sina wa kumweleza ila wewe.

Unalikumbuka gari la baba mkwe la kusambazia mikate, lililonileta harusini. Usukani wake ulikuwa umelegea vibaya. Unauzungusha weee ndipo magurudumu yaanze kukata kona. Mume wangu alimsihi mzee walipeleke kwa fundi, mzee akawa anamjibu, "Niache. Mimi na hili gari tunaelewana."

Basi mzee aliposafiri kwenda msibani, mume wangu akalipeleka kimyakimya, amfurahishe baba yake. Ndivyo alivyo, kipenzi changu. Fundi alijilaza chini ya gari, akatoka na viungo vya usukani vimelika, akacheka: "Jamani, hamkuwa mnaliendesha hili, mlikuwa mnalibembeleza!" Akafunga vipya, akakaza. Tulipolijaribu, likawa linageuka ukiligusa tu. Nilimbusu mume wangu mbele ya fundi, wala sikuona haya.

Mzee alirudi alfajiri, akachukua ufunguo, akatoka na mikate sisi tumelala. Kwenye kona ya kwanza mikono yake ikauzungusha usukani weee kama ilivyozoea. Gari likaingia ukutani. Daktari anasema hatatembea tena.

Kilichotumaliza kabisa ni maneno yake hospitalini. Alimshika mwanawe mkono, akasema, "Nisamehe, mwanangu. Uliniambia kuhusu ule usukani, nikawa mbishi." Tangu hapo mume wangu halali, hali, analia kifuani kwangu.

Leo mchana amemwambia ukweli. Nilikuwa nimemshika kiuno asianguke. Mzee akainua mikono juu ya shuka kana kwamba ameshika usukani, akaizungusha kidogo sana.

"Hivi tu?"

"Hivi tu, baba."

Akairudisha mikono chini ya shuka, akatugeuzia kisogo. Hajatusemesha tena.

Nisalimie bibi, mjomba na mapacha wake. Mungu awafikishe salama kila mwendako, na sisi atufungulie kinywa cha mzee.

Wako akupendaye, nikiwa bado bibi harusi,
Mwanao