Suti Ilinidanganya, Sweta Ilisema Kweli

Jumamosi. Mvua ya asubuhi imepiga mabati ikaenda zake, na sasa jua linawaka kana kwamba halijui lolote.

Naomba radhi kwa kimya changu kirefu. Sikuwa mgonjwa, kama jirani mmoja alivyotangaza kanisani. Nilikuwa nikikagua shule.

Mjukuu wangu Nekesa ataingia gredi ya kwanza Januari. Tangu aachishwe ziwa anaishi nami hapa Sarang'ombe, kwa sababu mama yake, binti yangu Metrine, husuka nywele Kawangware, karibu na kituo cha 56, kutwa nzima. Sasa Metrine anataka mtoto asomee huko, walale pamoja. Mimi nataka asomee shule ya hapa, ambayo kengele yake naisikia nikiwa jikoni. Zote mbili ni za serikali. Kwa kuwa nilifundisha hadi nikastaafu, tulikubaliana nizitembelee, nizilinganishe, na neno langu liwe la mwisho.

Nakiri hapa tu: nilianza safari nikiwa nimeshachagua.

Nilianzia Kawangware. Nilivaa suti yangu ya buluu, nikaning'iniza miwani shingoni, nikatia faili kwapani. Mlinzi alinipigia saluti. Msichana mmoja akatimua mbio kuelekea madarasani. Punde ua ambao ulikuwa safi ukafagiliwa tena, na sabuni ikatokea kwenye mifereji. Gredi ya kwanza iliniimbia wimbo wa kumkaribisha mgeni, pamoja na ishara za mikono. Naibu wa mwalimu mkuu akaniletea chai na yai la kuchemsha. Nikajiambia: shule hii ina adabu kupita kiasi.

Nilipolimaliza yai, aliinama akaninong'oneza, "Madam, kwa ripoti utukumbuke na madawati."

Walidhani mimi ni mkaguzi kutoka wizarani.

Nilipomweleza kwamba mimi ni nyanya ya mtoto tu, aliyatazama maganda ya yai, kisha akacheka hadi akaketi. Nami nilicheka, ingawa kwa kiasi.

Nilipopita kazini kwake kumsimulia, Metrine hakucheka kwa kiasi. "Mama, na hiyo suti! Hata mimi ningefagia!"

Mteja wake, kichwa kimesukwa nusu, alinihurumia. "Mathe, shule haiingiwi hivyo. Jifunge leso, ubebe sweta. Kila siku kuna mzazi analeta sweta mtoto amesahau. Hakuna mtu humwangalia." Akaniazima sweta ya mwanawe anayesoma shule hiyo hiyo, ya rangi ya damu ya mzee.

Alisema kweli. Miaka yangu yote ya kufundisha, wazazi wenye sweta mikononi walinipita kila asubuhi, na sikumbuki uso wa hata mmoja.

Jumanne nilirudi na leso yangu na sweta hiyo mkononi. Hakuna aliyeniuliza kitu. Sabuni ilikuwa imetoweka, makaratasi yamezagaa uani, na yule naibu alinipita bila kunitambua. Nikasimama karibu na dirisha la gredi ya kwanza. Watoto walikuwa wamebanana madawatini. Mwalimu wao, binti mdogo, alikuwa amepiga magoti akimfunga mtoto mmoja kamba za viatu, huku wengine wakimsomea hadithi kwa zamu.

"Brayo, umeruka mstari," alisema bila kuinua kichwa. "Rudi nyuma, tunakungoja."

Na kweli darasa zima likangoja. Brayo alirudi, akajikwaa, akasoma, akapigiwa makofi.

Alhamisi ilikuwa zamu ya shule ya hapa. Nilikwenda na sweta ya kijani ya mtoto wa jirani yangu, muuza omena. Ua safi, sabuni ipo, tangi la maji limejaa, madawati mapya. Moyo wangu uliruka kwa furaha. Gredi ya kwanza ilikuwa kimya kabisa, ikinakili kutoka ubaoni. Mtoto mmoja aliinua mkono ili aulize swali.

"Andika kwanza. Maswali baadaye," alijibiwa.

Niliingoja hiyo baadaye hadi kengele ikalia.

Haikuja.

Leo Metrine amekuja, nami nimetoa hukumu: Kawangware. Nimeitoa nikiwa nimesimama, kwa sauti ya darasani, ili isitetemeke. Nekesa alikuwa ameivaa ile sweta ya damu ya mzee niliyoazimwa, mikono yake ikimfika magotini.

"Kukhu, sasa wewe utabaki na nani?" akaniuliza. Kukhu ndilo jina la nyanya kwetu Bukusu.

Mama yake akadakia, "Nani alisema atabaki? Mama, kuna nyumba imebaki wazi kwa ploti yetu. Tena iko na dirisha."

"Na kanisa langu?"

"Mama, kwani Mungu hafiki Kawangware?"

Nekesa hakungoja mjadala. Alianza kuzipanga sufuria zangu kwenye karai, kubwa chini, ndogo juu, kama nilivyomfundisha.

Nimewaambia kwamba mtu wa umri wangu hahamishwi kama kiti, na kwamba nitalifikiria jambo hili kwa utaratibu. Nimesema kwa ukali, ule ukali ambao Nekesa amekwisha kuuzoea. Alinichekea.

Shule nimeichagua, tena kwa haki. Bado sijachagua mahali nitakapolala mimi, na hilo halikaguliki kwa suti wala kwa sweta. Nikishaamua, nitaandika hapa.

Sufuria zingali karaini. Sijazitoa.