Nimeirudisha Mashine Kiwandani

Mama yangu,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine ya akiba, kwa miezi yote ambayo sikuandika. Natumaini mguu umepona, ingawa naogopa ukipona utautumia vibaya: utakuwa shambani tangu alfajiri unapuliza salfa kwenye mikorosho bila kitambaa puani, halafu unamwambia daktari kifua kinakubana tu, hujui kwa nini. Mimi ni mzima. Nakohoa kidogo, lakini huku msimu huu asiyekohoa ni mgeni aliyeshuka kwenye basi sasa hivi. Upepo wa Dodoma ukija na vumbi lake haubishi hodi. Unafunga dirisha, unageuka, unakuta umeshakaa mezani unakusubiri.

Sikupiga simu kwa sababu simu yako huiweka sauti kubwa, na Mama Salumu hapo jirani huitikia "ehee" kabla yako. Haya si ya Mama Salumu. Mwalimu aliyekuletea bahasha hii ni mtu wa Masasi, anafundisha shule ya hapa kijijini, anakuja likizo. Nimeibandika kwa gundi mara mbili. Mpe maji mwalimu wa watu, muage vizuri, kisha vaa miwani uingie chumbani usome peke yako.

Mama, nina hofu. Hii ni wiki ya tatu. Chakula nakula, maana woga wangu haujawahi kunizuia kula, lakini mlango ukigongwa nainuka kabla ya hodi ya pili.

Unajua kwamba zahanati yetu ya misheni iko kando ya lami, kati ya Haneti na Chemba, na kwamba kazi yangu ni kuwaandikisha wagonjwa kwenye kompyuta. Mkubwa wetu ni mganga mfawidhi, mzee Ndahani, Mgogo wa hapa hapa. Siku ya usaili aliniuliza kompyuta nilisomea wapi, nikamjibu, "Masasi." Hakuuliza Masasi wapi, nami sikuona sababu ya kumchosha. Wewe na Mjomba ndio mnaojua kwamba ni kwenye duka lake la kuchapa, nikiwa nimesimama nyuma ya mabega ya watu nikichungulia.

Kila Jumatano ni siku ya wale wanaokuja kuchukua dawa za kufubaza virusi. Wengi si wa kijiji hiki. Wa hapa huenda Chemba, wa Chemba huja hapa, na mabasi yanapishana njiani yamebeba siri za pande zote mbili. Yupo mama mmoja anatoka Kondoa. Jina lake sikutajii, hata wewe. Huja na baibui, uso wote umefunikwa, na siku moja aliniambia mwenyewe kwamba kwao havai hivyo. "Kondoa hospitali ipo, mwanangu, tena kubwa," alisema. "Lakini na mashemeji wapo." Halafu akaitazama kompyuta yangu kama mtu anavyomtazama mbwa asiyemjua. "Mmoja ana duka la hizo, karibu na stendi. Hii haiumi?" Nikamwambia haiumi, nimeifunga kwa neno la siri. Nilisema kwa maringo, kama vile neno la siri nililitunga chuo kikuu.

Sasa sikiliza. Jumatatu moja niliwasha, ikatoa nembo yake, vidoti vikazunguka, ikazima. Ikajiwasha tena yenyewe, vikazunguka, ikazima. Nikafanya yote niliyowahi kuona watu wakifanya dukani kwa Mjomba: nikachomoa waya, nikahesabu, nikachomeka, nikapiga boksi kofi la mapenzi, nikasoma dua. Mwisho ikaleta ukurasa wa buluu, na kwa Kiingereza chake ikanipa njia mbili. Ya kwanza, irudi kama ilivyotoka kiwandani lakini initunzie mafaili. Ya pili, irudi kama ilivyotoka kiwandani na iondoe kila kitu. Nikashika ile ya kwanza. Ikaenda mpaka asilimia kumi na mbili, ikakaa hapo karibu saa nzima, kisha ikasema imeshindwa, hakuna kilichobadilishwa. Nikajaribu tena. Ikashindwa pale pale.

Hapa naomba unisikilize bila kunikatisha. Kila mgonjwa ana kadi yake ya karatasi kwenye kabati letu, na mimi natakiwa nijaze kadi kwanza, kompyuta baadaye. Tangu Pasaka nilikuwa najaza kompyuta tu. Nilisema kadi nitazimalizia siku isiyo na foleni. Siku hiyo haijafika mpaka leo. Kwa hiyo nani amekuja, amepewa dawa za kumfikisha lini, na namba gani apigiwe asipotokea, vyote tangu Pasaka vilikuwa ndani ya lile boksi na si mahali pengine popote duniani. Mzee Ndahani hakujua.

Alhamisi ya mnada mzee akamwita fundi Hamisi, ambaye huja na basi la asubuhi kutoka Kondoa na begi lake, anatengeneza simu za wachunga ng'ombe mpaka jioni. Mtu mchangamfu. Anaongea hata akiwa na skrubu mdomoni. Alifungua boksi, akaanza kuvuta nyuzi kwenye feni, nyuzi za rangi ya machungwa, zimefungamana na vumbi kama kiota cha ndege.

"Dada, hii mashine uliivalisha nini?"

"Kitambaa."

"Cha kufuma?"

"Kulinda vumbi."

"Mtu anatoka jasho, wewe unamvalisha sweta! Imepumua kwa shida mpaka diski imechanganyikiwa. Nani alikudanganya?"

Nikasema nilijituma mwenyewe. Mama, vile vitambaa vyako ni vizuri, wote huvisifia, hata kile cha kwenye kiti cha mzee Ndahani kinakikaa vyema. Kosa ni langu. Redio yetu ilivaa miaka yote na haikufa, nami nikadhani mashine zote ni ndugu.

Fundi akaisafisha feni, akafunga boksi, akawasha. Ule ukurasa ukarudi. Mzee Ndahani akaja na koti lake jeupe, akasimama mlangoni.

"Itapona?"

"Mzee, hii naondoka nayo leo," fundi akasema. "Nafika dukani, natoa diski, naivalisha kwenye mashine yangu, naona kila kilichomo. Faili moja moja. Mnada ujao nakurudishia nzima. Ila huyu dada asiguse ile njia ya pili, maana hiyo ikishapita, hata mimi sitoi kitu mle."

"Duka lako liko wapi?" nikauliza.

"Kondoa! Karibu na stendi. Uliza hata mtoto, fundi Hamisi." Akacheka. "Kuna mwalimu mkuu mmoja aliniletea laptopu yake hivi hivi. Barua za mapenzi nilizozikuta mle! Za wanawake wawili, na zote ameandika maneno yale yale, amebadilisha jina tu. Tulicheka pale dukani wiki nzima. Mpaka leo akipita barabarani tunamwita Nakili."

Mzee akatabasamu kidogo. Mimi nikamkumbuka yule mama na shemeji yake mwenye duka. Kondoa mafundi wa kompyuta wako wangapi karibu na stendi? Sijui. Labda wawili, labda watano. Sikuthubutu kuuliza kama ana shemeji.

Fundi akasema anakwenda kula nyama mnadani, akirudi anafungasha. Nikamfuata mzee kwenye chumba cha sindano.

"Mzee, mle ndani kuna majina ya watu wa Jumatano."

"Najua."

"Huyu fundi anaongea."

"Fundi ni fundi, Esha. Mimi watu wananivulia nguo kila siku, nimemsimulia nani?"

"Wewe si yeye."

"Nina foleni mpaka nje," akasema. "Na kadi zipo kabatini. Hata likitokea la kutokea, hatupotezi kitu."

Hapo ndipo ningesema. Mdomo niliufungua kabisa. Nikaufunga, nikarudi chumbani kwangu.

Nilikaa mbele ya ule ukurasa, Mama, nikapima. Mashine ikienda Kondoa, majina yanakwenda kukaa mezani karibu na stendi, na yule mama anaishi mitaa hiyo hiyo. Nikifuta, siri imebaki siri, lakini mtu akipotelea njiani bila dawa hatutajua ni nani wala tumpigie namba gani, na mzee atajua mimi ni mwongo. Nje nilisikia mnadi anataja ng'ombe. Nikashika njia ya pili.

Iliniuliza tena: nifute tu, au nifute na kusafisha diski kabisa, ambayo huchukua muda mrefu? Nikachagua ya muda mrefu. Ikauliza mara ya mwisho kama nina uhakika. Mama, kompyuta ni kitu chenye adabu kuliko watu wengi. Nikabonyeza.

Asilimia moja. Mbili. Nilikuwa na hofu ya mambo matatu kwa pamoja: fundi asirudi mapema, mzee asiingie, na umeme usikatike, kwa sababu ukikatika katikati mashine inakufa moja kwa moja. Ilipofika thelathini taa iliyumba. Nilishika meza kwa mikono miwili, kana kwamba umeme unapita mezani. Ikatulia. Ilipofika hamsini na kitu fundi akaingia na kijiti cha meno.

"Haya, tuka..." Akaona. "Dada, umefanya nini?"

"Nimeirudisha kiwandani."

"Na kusafisha?"

"Na kusafisha."

Akatoa kijiti mdomoni. "Mtu ameambiwa aoshe sahani, ameosha na ugali wake!" Akaita kwa sauti, "Mzee! Njoo umwone mtaalamu wako!"

Mzee akaja. Fundi akaeleza, akacheka, akabeba begi lake akaenda zake kwa wachunga ng'ombe. Mzee hakukasirika bado. Akasema, "Sawa. Lete kadi, uanze upya."

Basi nikasema. Kwamba kadi zimeishia Pasaka.

Alivua miwani akaifuta kwa koti, akaivaa, akaivua tena. "Tangu Pasaka?"

"Ndiyo, mzee."

"Ulikuwa unaandika nini unapoinama pale?"

"Kompyuta tu."

"Esha, hawa watu wana tarehe. Mmoja akiacha kumeza dawa, akaugua nyumbani kwake, mimi nitamjuaje? Nitapiga kelele barabarani?"

Nilitoa daftari nikaanza kuwaandika kwa kichwa. Unakumbuka ulivyokuwa unanigombeza kwamba nakodolea watu macho? Nilimwandika mwenye viatu vya raba vya kijani, anayekuja na mama yake mkwe. Nilimwandika muuza alizeti anayekohoa kabla ya kusema jina. Kutoka viatu nikafika kwenye sura, kutoka sura nikafika kwenye kadi yake kabatini, na mzee akaweka alama. Siku tatu. Wakija, kadi wanazobeba wenyewe zinatupa tarehe, nami najaza karatasi kwanza, kompyuta baadaye.

Mzee hajanifukuza. Amesema mkataba unaisha Desemba, na mpaka hapo kazi yangu ni kuwapata wote. Zamani asubuhi alinisalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi," nami nikaitikia "Mbukwa" kwa lafudhi yangu ya Kimakua, akacheka. Siku hizi ananiambia, "Habari za kazi."

Jumatano iliyopita yule mama wa Kondoa alikuja. Alikaa mpaka wote wakaisha, kisha akasogea.

"Ile mashine yako iliharibika?"

Nikashtuka. "Nani amekuambia?"

"Shemeji yangu. Alitusimulia mezani, tunakula. Msichana wa zahanati moja huko njiani, ameosha sahani na ugali. Watu walicheka!" Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Na mimi nilicheka. Nilicheka kuliko wote, mwanangu, mpaka nikatoka nje."

"Hakuona kitu," nikamwambia. "Hata herufi moja."

Mkono wake ulikuja juu ya meza ukashika wangu, ukaubana mpaka pete yake ikaniumiza. Halafu akachukua dawa zake akakimbilia basi. Sasa najua kwamba nilichokiogopa kilikuwepo kweli, na badala ya kupungua, hofu imezidi. Kumbe ilikuwa karibu hivyo.

Maana mmoja bado sijampata. Mwanamume, mrefu, huja na baiskeli nyeusi, hakai kwenye benchi, husimama karibu na mlango kana kwamba amepita tu. Sura naiona hivi nikifumba macho. Jina silipati. Nimezipekua kadi zote za wanaume, hakuna inayomfanana. Nadhani alianza baada ya Pasaka, kwa hiyo kadi yake ya kabatini mimi ndiye sikuiandika. Dawa zake zinaisha lini, sijui. Baiskeli yoyote ikisimama nje, nainuka. Ukiswali niombee, lakini muombee yeye kwanza.

Nisalimie Bibi, na umwambie hapana, huku hawali panya kama kwetu. Mjomba, mwalimu wangu wa kompyuta asiyejua kwamba alinifundisha, mpe shikamoo na usimwambie lolote. Dada mkubwa na mumewe, na mtoto wao ambaye nasikia ameota meno ya mbele. Mama Salumu msalimie pia, kwa sauti ya kawaida.

Ni mimi mwanao, niliyesimama dirishani,

Esha