Mguu wa Kulia Juu ya Ngoma

Kaka yangu Trpko,

Pokea salamu kutoka huku milimani, ambako theluji imekwisha na kondoo wameshapanda malishoni. Sisi hatujambo. Mama naye mzima, ila analalamika kwamba kwenye simu huna habari nyingine isipokuwa mvua ya Ljubljana. Amekuwekea jibini kwenye pipa la chumvi na hataki mtu aliguse. Shemeji hajambo? Na bibi harusi wetu Stamena, bado anagombana na fundi wa nguo?

Ujumbe wako nimeupata. Umesema kwa kuwa binti yako anaolewa hapa siku ya Mtakatifu Petro, na kwa kuwa kifundo changu cha mguu wa kulia kinateguka hata nikikanyaga kokoto, utaiongoza wewe ile Dansi Nzito ya wanaume, mimi nikae na wageni nimimine pombe ya rakija. Nilikasirika kutwa nzima, ndipo nikakaa kukujibu.

Nilipoanguka tena pale kisimani, nilikwenda Skopje kwa Daktari Rodna, mwanamke mkali asiyependa kubembeleza mtu. Alinibandika vibandiko vya nyaya mguuni, akanisimamisha kwa mguu mmoja juu ya ubao unaotikisika. Akasema kano za kifundo zilizochanika zilikwisha kupona zamani. Mvivu ni msuli wa nje ya muundi. Mguu ukipinda, msuli huo unashtuka wakati mimi niko chini tayari, na kazi yake yote inafanywa na paja na nyonga. Kisha akaniambia nifumbe macho. Nikamwangukia kama gunia! Alicheka sana, akasema, "Baba, wewe unasimama kwa macho, siyo kwa mguu."

Maneno hayo yalinichoma, kwa maana unajua kiongozi akiwa juu ya ngoma kwa mguu wa kulia peke yake hutazama mlimani, na akitazama chini amejivunjia heshima. Kumbe mimi miaka yote nilikuwa nachungulia. Mpiga ngoma wetu Demirali alikiri kwamba aliliona hilo, maana yeye hapigi mpaka mguu wa kiongozi uamue, na wangu alikuwa akiungoja hadi mkono unamchoka. Hakusema kitu kwa kunionea haya.

Tangu hapo nafanya mazoezi kila siku zizini, nikisimama pekupeku kwa mguu mmoja juu ya mto wa sufu, macho nimefumba. Mama alinikuta akaniuliza kama nimehamia kwa ndege korongo. Mwanzoni nilianguka ovyo, mbuzi wakinishangaa. Siku hizi naanguka mara chache.

Sasa nikwambie ambalo Mama amekuficha. Jumapili iliyopita, kwenye mazoezi, kijiji kizima kikitazama, nilianguka kutoka juu ya ngoma. Wengine wakaanza kunong'ona kwamba ni mkosi kwa bibi harusi. Niliona aibu hadi nikatamani ardhi inimeze. Lakini nilipanda tena, kaka. Nikatazama mlimani. Kifundo kikayumba, nami nikakisikia kikiyumba, halafu kikajirudisha chenyewe kabla sijakiomba. Sijawahi kukisikia hivyo tangu ujana wangu. Daktari ameniambia wazi kwamba mguu huu hautakuwa sawa na mwenzake, na unaweza kuniangusha siku yoyote, hata siku hiyo ya harusi. Najua, na nitapanda.

Kwa hiyo usije kuchukua nafasi yangu. Njoo ushike nafasi ya pili, aliyokuwa akiicheza marehemu baba, uishike ncha ya leso yangu nikiwa juu. Wa pili huivuta leso kiongozi akiyumba, ili asianguke, nawe una mikono ya mhunzi. Naogopa, sikufichi. Lakini hata ukiniona nayumba mbele ya mwanao, kaka, usivute.

Wabusu wote nyumbani kwako, na Mungu awafikishe salama. Mama anasema mje na koti, usiku huku bado kuna baridi.

Ni mimi mdogo wako,
Serafim