Namba ya Majaribio

4 Machi

Kaka mpendwa,

Nisamehe kukaa kimya miezi minne. Nimeshika kalamu mara tatu, mtoto akalia mara tatu. Hatujambo, jino limetoka, naye anang'ata kama ana kisasi. Wewe hujambo huko?

Bosi kanipa orodha ya wateja mia sita wa cherehani. Ina namba za simu tu; anataka majina kamili, kazi na miji. Ati kuna API, huduma ya mtandaoni unayoitumia namba ikakurudishia taarifa za mwenyewe, inayojaza hayo. Nikamjibu naijua! Kumbe hata mlango wake siujui. Nielekeze taratibu, kama unamwelekeza Mama.

Mdogo wako

11 Machi

Mdogo wangu,

Wewe na mdomo wako! Mimi mzima. Haya: jisajili kwenye tovuti yao, watakupa ufunguo, yaani mstari mrefu wa herufi, usimpe mtu. Unatuma namba pamoja na ufunguo, unarudishiwa jibu. Usianze na mia sita. Anza na moja, yako mwenyewe. Wateja waombeni ruhusa kwanza.

Dada anawasalimu. Alipo usiniulize. Tangu akimbie ngumi za Shemeji tumekubaliana: namba yake tunayo, mji wake hatuutaji.

Kaka yako

29 Juni

Kaka,

Salamu zangu utazipokea ukitaka. Mtoto mzima. Barua zangu mbili hukuzijibu. Najua Dada amekwambia. Leo nasema yote.

Nilianza na yangu. Likarudi jina tu. Kazi hakuna, mji hakuna. Nikadhani nimekosea, nikataka namba nyingine ya kujaribia, ya mtu ninayemjua. Nikaweka ya Dada. Vikaja vyote: kiwanda cha nguo, mji, hadi mtaa. Nilimkumbuka mno, Kaka. Nikachapisha ile karatasi, nikampelekea Mama.

Mama alilia kwa furaha. Kisha, nikiwa nabadilisha nepi, nikamsikia anamsomea Shemeji kwenye simu: "Mfuate mwanangu, mkapatane." Ningeweza kumnyang'anya ile simu. Nikamalizia nepi.

Wenzake wa kiwandani wameniambia Shemeji alifika getini, Dada akatokea mlango wa nyuma, hata koti hakurudi kulichukua. Namba yake haipatikani tena.

Mama nimemwambia nampenda, ila habari za Dada hazipitii tena kwangu kwenda kwake. Amenuna, na anune. Orodha nimemrudishia Bosi.

Sikuombi msamaha leo. Nitumie tu:

anwani ya wenye ile huduma, wanapopokea maombi ya kufuta taarifa za mtu;

barua yenyewe uniandikie, nitainakili, maana kwa maneno yangu watanipuuza;

namna ya kuuzima ule ufunguo;

na neno moja kuhusu Dada: mzima, au si mzima. Mji usiutaje, hata nikikubembeleza.

Mdogo wako